Kipa Namba Thelathini na Moja

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Mimi ni fundi wa redio hapa Kisumu. Kitu kikikataa kufanya kazi, nakifungua naona sababu. Hiki nimekifungua miaka yote hii na sababu sijaiona, na kinanikera mpaka leo.

Miaka ya themanini, tulipokuwa watoto Nyalenda, kulikuwa na chingamu zilizouzwa na picha ya mchezaji wa mpira ndani ya pakiti. Kila picha na namba yake. Mimi na kaka yangu Okoth tulizibandika kwenye daftari moja, na tulikuwa na sheria yetu ambayo hatukumwambia mtu: anayefungua pakiti sharti aite kwanza, "Okoth, yako!" au jina langu akifungua yeye. Mwenzako anakula chingamu, picha inaingia daftarini. Ukifungua kimya, umekula peke yako, pakiti imeharibika. Tulijaza daftari mpaka ikabaki nafasi moja tu, ya kipa, namba thelathini na moja.

Na kipa nikampata! Kabla hata sijatafuta gundi, Okoth akamchukua, akaenda naye Usenge kwa shangazi kuwaringia binamu zetu, akampoteza huko ufuoni kwenye omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa. Akarudi anacheka. Wewe ungefanya nini? Mimi niliapa mbele ya mama kwamba jina lake halitatoka kinywani mwangu tena. Wiki haikuisha, homa ikamchukua.

Matangani kila mtu alimlilia kwa jina. Mimi nilifunga mdomo. Usiniite katili. Nilikuwa mtoto, na nilimkasirikia kwa kumpoteza kipa, kisha nikamkasirikia zaidi kwa kufa kabla hatujamaliza ugomvi wetu.

Miaka ikapita, tukaingia ya tisini, nikaoa. Tukapata msichana, Atieno, kisha mvulana. Huyo mvulana siku ya nne alianza kulia, na hakunyamaza. Hanyonyi, halali. Hospitalini walimpima wakasema mzima. Sasa, kwetu Wajaluo mtoto akilia namna hiyo, wanawake wazee humtajia majina ya jamaa waliokufa, moja moja. Jina akilinyamazia, marehemu huyo ndiye aliyekuja, na mtoto ataitwa hivyo. Mama yangu akaja kutoka nyumbani kwetu Bondo, akampakata, akataja. Alipofika kwa Okoth mtoto alipiga kelele mpaka akabadilika rangi.

"Ni yeye, amelitambua jina lake," mama akasema. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na nilijua amengoja kitu hiki tangu tumzike. "Lakini mimi sikumfukuza. Wewe ndio ulimfukuza. Mwite wewe."

"Mama, hayo mambo ya zamani."

"Mwite mara moja tu, mtoto anyonye."

"Baba Atieno, si ni jina tu!" mke wangu akasema, naye analia.

Jina tu. Nilifungua mdomo, niamini, na hasira ikaufunga kana kwamba kipa amepotea asubuhi ile. Nikasema ninaenda mjini kununua dawa ya tumbo. Nikatoka.

Mvua ilinikuta kwenye yale maduka ya zamani upande wa bandarini. Nikaingia katika duka lililokuwa wazi. Nyuma ya kaunta alikaa mzee wa kofia nyeupe, Mwislamu, wa wale wenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Bati lilikuwa linavuja na maji yalimdondokea begani. Nilimtazama vizuri. Bega lilikuwa kavu.

Na kwenye kaunta, unajua kulikuwa na nini? Boksi la zile chingamu. Karatasi ile ile, harufu ile ile tamu ya kuumiza meno. Hazikuwa zimeonekana Kisumu tangu niache shule ya msingi.

"Fungua," akasema. "Utalipa ukipata unachotafuta."

Hapo nikafanya mapatano na nafsi yangu. Nikimpata kipa, nitakuwa sina tena cha kukasirikia. Nitarudi nyumbani nimwite yule ninayetakiwa kumwita, mtoto anyonye, yaishe. Ona ujinga wa mtu mzima.

Nikachana ya kwanza. Beki mwenye masharubu. Huyo beki tulimchukia tangu utotoni, tulikuwa naye mara tisa. Nikachana ya pili. Masharubu. Ya tatu, masharubu. Nilichana mpaka vidole vikanata sukari, na kila pakiti ilinitolea beki yule yule, ananitazama kama askari. Boksi zima! Uliona wapi kiwanda kinachotoa picha moja? Nikaanza kutukana kwa sauti, na mzee alikuwa anapanga chingamu zangu mstari mmoja, bila haraka.

Ikabaki pakiti moja. Akaifunika kwa kiganja.

"Unazifungua vibaya," akasema. "Chingamu zote hizi, hujamwitia mtu hata moja."

Niliacha kutukana. Sheria ile tuliijua watu wawili duniani, na mmoja alikuwa kaburini Bondo.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Muuza duka. Ita, nikupe."

"Nipe kipa kwanza, ndio niite."

"Ita kwanza."

"Nipe kwanza!"

Tulibishana hivyo, mimi na kile kitu, kama watoto wawili wanaogombania kiti. Ungedhani ningeogopa. Niliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na ndiyo iliyoniponza. Nikazimwaga picha zote kwenye kaunta, nikamwambia akae na kipa wake. Nikatoka mvuani. Nyuma yangu nikasikia mtu anashusha pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka kusimama mlangoni.

Nilipokaribia nyumba yetu hapakuwa na kilio. Nikakimbia. Mtoto alikuwa ananyonya. Mke wangu ananitabasamia. Mama alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, anatazama sakafu.

"Amenyamaza kwa Ogutu," akasema. Ogutu ni mjomba wa baba yangu, mzee ambaye hata mama hakumjua vizuri.

"Na yule mwingine?"

"Yule amengoja akachoka. Ameenda."

Kesho yake alfajiri nilirudi bandarini. Duka lilikuwa pale pale, lakini ndani ni mabeseni na ndoo za plastiki mpaka darini. Mama mwenye duka alinishangaa.

"Mzee gani, baba? Hapa niko mwaka wa nne sasa. Lakini hii ni yako? Nimekuta kwa mlango nikifungua." Akanipa pakiti moja ya chingamu, haijafunguliwa.

Sikuona haya. Nilisimama katikati ya mabeseni nikaita kwa sauti kubwa, "Okoth, yako!" Mara ya kwanza tangu utoto. Halafu nikachana.

Alikuwa kipa. Namba thelathini na moja, na gamba la omena limekauka kwenye kona.

Nilimpelekea mama mbio, na lile daftari letu nililolitunza, na gundi. Hakuishika ile picha. Akasema, "Mimi sikutaka picha," akarudi kufunga mizigo yake ya Bondo. Alifariki miaka michache baadaye. Hatukuwahi kulizungumzia tena.

Mwanangu Ogutu sasa ni mkubwa, mpole, nampenda. Lakini Mungu hakutupa mvulana mwingine, na jina la kaka yangu halina mtu wa kuitikia. Mimi ndiye ninayeliita, karibu kila siku, nikiwa peke yangu na redio za watu. Haji mtu.

Basi kama kuna uliyemnunia, hai au maiti, usingoje hasira iishe ndipo umwite. Mwite ukiwa na hasira zako hivyo hivyo. Mdomo unafunguka tu. Mimi nilidhani haufunguki.