Siku Mashini Iliniolesha na Mujukuu Yangu

Weye, umeshaolewa na mujukuu yako mbele ya maprofesa? Minye ndiyo, na kitenge mupya, nimekaa ku kiti cha mbele kabisa, na haya ingali inanichoma masikio.

Mujukuu yangu musichana, Furaha, mwenye anasomea maordinatere, zile kompyuta, alisema atafundisha mashini kujua maana ya maneno, isiwe inayasema tu kama kasuku. Akachora visanduku mu kaye, daftari yake, kila muntu wa nyumba yetu ya kule Songo na kisanduku chake, na mishale kati yao, huyu ni mama ya huyu, huyu ni bwana ya huyu, na ile yenye hakuandika mashini itajitafutia yenyewe (minye niliacha shule mu mwaka wa pili, lakini mishale ya famiye, nani atanishinda?). Mama na watoto aliisha kuwaandika, kukabakia ndoa, akaenda kuchota maji, akaachia kaye rafiki yake Solange, mugeni kwetu, hajui watu wa nyumba, aendelee kuniuliza.

"Koko, bwana yako ni nani?"

Ningetaja marehemu muzee, bwana yangu, ikaisha. Lakini nilitaka kutania kidogo, vile siye wakoko tunaita wajukuu wetu wanaume "bwana yangu".

"Baraka," nikasema. "Mwengine alikufa, nilibakia na huyu."

Solange akachora mushale.

Ikafika siku Furaha anatetea kazi yake mbele ya maprofesa. Profesa moja akasema, "Uliza mashini yako, mama mukwe ya koko ni nani?" Ku ukuta, kwenye mashini ilikuwa inaonyesha majibu, kukatokea jina ya Nabintu. Nabintu ni mutoto yangu, mama ya Furaha na Baraka, nilimuzaa minye mwenyewe, na alikuwa amekaa pembeni yangu, akavuta kitenge akafunika uso. Chini yake kukatokea Furaha, shemeji ya koko yake. Profesa akalaza kalamu.

"Madamazeli, kama mashini inasema hivi, minye siwezi kukupitisha. Mama, huyu bwana yako iko wapi?"

Nikasimama. "Iko ku nyumba, profesa. Alikojolea kitanda asubuhi, tukamuacha anaoga. Iko na miaka ine."

Wakacheka mpaka muzee moja akavua lunettes apanguse macho. Furaha hakucheka. Akasema polepole, mashini haikukosa, iliamini koko. Siye tuko na bwana wa ndoa na bwana wa kutania, na yeye aliwapatia mushale moja. Palepale akachora wa pili, akaambia mashini ule wa kutania hauleti mukwe. Akauliza tena, mashini ikasema koko hana mukwe. Njo nikataja marehemu, Furaha akamuchorea mushale wa ndoa, na mama mukwe yangu wa kweli akatokea ku ukuta, ule mwenye alikuwa ananifukuza na mwiko. Profesa akaokota kalamu. Furaha akapita.

Tangu ile siku, muntu akikuja na kaye namuuliza kwanza, unaandikia watu ao mashini?

Baraka, tulipomwelezea, alikasirika. Akapanda ku mapaja yangu, akasema, "Koko, nikikomaa nitakuoa kweli, wasiseme mashini ilidanganya."