Siku Baba Alipotanguliza Kwaya

Baba alikuwa mwanajeshi mstaafu, na darasa la Biblia kanisani kwetu, upande wa Sepuka, alifundisha yeye. Alipenda habari za vita vya Agano la Kale, lakini kila mara alitufikisha palepale: aliyeshinda hakushinda kwa wingi wa farasi wala magari.

Mwaka mmoja ng'ombe wa wafugaji wa ng'ambo ya korongo waliingia shambani kwetu na kwa jirani, wakala alizeti karibu yote. Asubuhi wanaume wa kijiji walijaa uani na fimbo, mapanga na pinde. Hata mimi nilikuwa na panga. Walitaka baba awaongoze.

"Shikamoo, mzee," alisema msemaji wao. "Tupo tayari. Tupange tu."

"Marahaba. Jumapili niliwafundisha nini?"

Nikajibu mimi, "Mfalme wa Yuda aliyejiwa na jeshi kubwa. Alitanguliza waimbaji."

"Basi wekeni silaha hapa. Kwaya itangulie."

Wengine waliguna. Kijana mmoja akasema, "Mzee, wale wana mikuki!"

"Nimebeba bunduki miaka mingi, mwanangu. Najua inachoweza, na najua inapoishia. Mungu simjui mwisho wake."

Aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayeagiza maji. Mmoja akaweka upinde chini, kisha wengine. Pale uani tulikuwa wanakwaya saba. Nilianzisha wimbo wa Kinyaturu. Ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka, wa pili ikakaa. Tukashuka korongoni, baba mbele, mikono mitupu.

Wafugaji walikuwa wamejipanga ng'ambo. Hakuna aliyerusha mkuki. Mzee wao, Mwislamu aliyefahamiana na baba tangu zamani, alisogea.

"Mmekuja vitani au harusini?"

"Tumekuja kukuchukua ukaone shamba."

Aliwaamuru wanawe washushe mikuki, akafuatana nasi. Alipoona alizeti alishika kichwa, akaomba radhi mbele ya wote. Wiki hiyohiyo wanawe walikuja na plau na maksai, wakalima upya. Mvua zilikuwa bado zinanyesha, tukapanda uwele, na tulivuna.

Baadaye nilimuuliza baba kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini hofu haikuwa kamanda wangu."

Siku hizi darasa lile nafundisha mimi. Wanafunzi wakiniuliza kama mambo ya wafalme wale yanawezekana leo, huwa sibishani nao. Nawaambia nilikuwepo, na niliimba.