Mwenye Mikono ya Gari Langu

Kwa muda mrefu nimekana kwamba nilimpandisha mtu garini mwangu kwenye njia ya Mutoshi, huku kwetu Kolwezi. Fundi aliniuliza, nikakana. Mama yangu aliniuliza, nikakana nikimtazama machoni, na mama yangu si mtu wa kukaniwa. Leo nakiri: nilimpandisha. Ulikuwa mchana, jua kali, na sikuwa nimeonja kitu. Anayetaka kucheka acheke sasa.

Nilikuwa nimeinua jeep yangu kwa springi ndefu ili impeleke mama Dilolo wakati wa mvua, kwa mjukuu wake aliyekuwa karibu kujifungua. Lakini gari lililoinuliwa hubadilika tabia. Ile mikono ya chuma inayoshika ekseli ya mbele kwenye chasi inabaki mifupi, ekseli inapinduka kidogo, na usukani unapoteza hamu ya kurudi katikati. Langu lilitembea kama shemeji anayetoka karamuni. Fundi wangu, tata Kasongo, kama tunavyowaita akina baba, akaniambia nitafute mikono mingine, mirefu.

Nilipata jozi mbili. Moja ilikuwa mpya, ya kurefushwa na kufupishwa kwa kuzungusha nyuzi za skrubu, na viungo vyake chuma kitupu. Nyingine ilikuwa imetumika, minene, imepakwa rangi nyeusi, na viungoni ina mipira. Mimi nilisomea falsafa chuo kikuu, kwa hiyo sikuona sababu ya kutojua vyuma. Nilisoma mtandaoni siku nzima, kisha nikatoa hukumu: matope ya njia ya Dilolo yatakula viungo vya chuma mpaka vilie, mipira huvumilia, na ikichoka inapatikana popote. Hoja hiyo naitetea mpaka leo. Ila kitu kimoja sikukiuliza vizuri: mikono ile ilitoka kwenye gari la nani?

"Ya kampuni, mama," muuzaji alisema. "Bazungu banauzisha."

Nikaridhika. Kasongo akaifunga, na siku moja kabla ya safari nikatoka kuijaribu peke yangu kwenye njia ya Mutoshi. Gari lilienda mstari ulionyooka kama uzi. Nilijisifu kwa sauti, amini usiamini.

Mbele kidogo nikakuta matawi mabichi yamepangwa barabarani, kama watu wanavyofanya gari likiharibika mbele. Nikapunguza mwendo. Gari lililoharibika halikuwepo. Palikuwa na mwanamume mmoja tu, wa umri wa kati, ameinua mkono.

"Mama, unisaidie mpaka barabara ya Kingamyambo."

Akapanda mbele. Mara lori la mawe likatupita na madirisha yetu yako wazi. Unajua vumbi letu. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka. Yeye hakupepesa hata jicho, na shati lake lilibaki jeupe. Je, nilishtuka? Hapana, nilianza kufundisha. Nilimweleza pembe ya ekseli, nikamweleza mipira. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu aliye kanisani ugenini.

"Mama, hii mikono ulitosha wapi?"

"Niliitoa kwa muuzaji. Ni ya kampuni."

"Hapana, mama. Ni yangu."

Alisema bila hasira, kama mtu aliyeona jembe lake kwa jirani.

"Kama uliuza, tata, sasa unalalamika nini?"

"Mi sikuuza. Ni bandugu yangu baliuzisha, na kilio hakiyaisha. Kama bangengoya kidogo, bibi yangu, mama ya batoto yangu, angebaambia. Ya kushoto ilipasuka karibu na mupira. Ni mi mwenyewe nilipiga soudure, nikaunga chuma, nikapaka rangi juu bibi asione. Aliona tu."

"Kwa nini hukununua mwingine?"

"Nilikuwa na haraka." Akatazama nje. "Mama, usibebe mama yako na ile."

Sikuwa nimemtajia mama.

Kwenye barabara ya Kingamyambo akaomba kushuka. Nilisimama, nikageuka nimuulize jina. Mlango ulikuwa umefungwa na hakukuwa na mtu. Vumbi la lori lilikuwa limetanda juu ya kiti alichokalia, laini kama unga wa muhogo, bila alama ya aliyekaa.

Nilirudi kwa Kasongo polepole kuliko msafara wa maziko. Nikamwambia nimesikia kelele upande wa kushoto. Akafungua mkono ule, akakwangua rangi. Chini yake palikuwa na chuma kilichochomelewa, na katikati ya soudure ufa mpya. Akaugonga mkono mara moja, ukakatika.

"Mama, hii haikupiga kelele," akasema. "Nani alikuambia?"

Nikakana. Tukafunga ile mipya, ya viungo vya chuma. Ililia njia nzima kama nilivyotabiri, lakini mama alifika Dilolo na kumpokea kitukuu chake.

Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka kilio kiishe. Nilidhani ni heshima tu, au njia ya kuzuia mashemeji wenye mikono mirefu. Siku hizi naona kuna sababu nyingine: kabla kitu hakijatoka nyumbani, mjane apate kusema anachokijua. Kwa hiyo wewe unayeinua gari, chagua mipira au chagua chuma, shauri lako. Lakini mikono iliyotumika usiinunue kabla hujajua ilitoka nyumba gani, na kama kilio cha nyumba hiyo kimeisha. Mimi nikienda Dilolo siku hizi, kiti cha mbele nakiacha wazi. Abiria wangu wananung'unika nyuma, wamebanana na mizigo.

Sababu ni simu moja. Tulikuwa tumesharudi Kolwezi. Aliyepiga alikuwa mwanamke, amepewa namba yangu na muuzaji wa ile mikono.

"Mama, ile mikono uliuziwa, uitoshe. Ile ya kushoto ndiyo ilimuua bwana yangu."

"Nimeshaitoa."

"Nani alikuambia?"

Nilitaka kusema nilisikia kelele. Lakini kwa mjane sikukana. Nikamweleza yote, yeye wa kwanza. Hakushangaa.

"Ulimushusha wapi?"

"Barabara ya Kingamyambo."



"Alikuwa anaenda kwetu," akasema. "Bandugu yake balinifukuza mu ile nyumba. Mama, ukimuona tena, umuambie nilihama. Niko Dilolo."