Nilisema Ni Mimi Niliyezidisha Chakula cha Samaki

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana mume wangu ana marafiki wengi kwenye hii page. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, naishi Makueni na mama mkwe wangu ambaye ni mzee sana. Mume wangu ana duka Malili, huja nyumbani Jumapili baada ya kanisa. Kisa changu kinahusu samaki, kwa hivyo mnaotaka kucheka chekeni kwanza, mimi nitangoja.

Miaka ya tisini, tukiwa tumeoana juzi tu, mume wangu alirudi kutoka Mombasa alikokuwa akitunza samaki wa mapambo kwenye hoteli ya watalii. Tukafungua mkahawa Sultan Hamud, kando ya barabara kuu, na ndani akaweka tangi la kioo lenye maji ya bahari, samaki wa rangi na matumbawe hai. Maji yalikuja kwa mitungi, yakiletwa na madereva wa malori waliokula kwetu. Watu walisimama njiani ili kuona bahari huku Ukambani. Mume wangu alilipenda tangi lile kuliko kitu chochote, nami nikiwemo.

Adui yake alikuwa fosfeti. Alinieleza kwamba inatokana na chakula kinachooza na maji yasiyo safi, na ikizidi, uchafu wa kijani unaota juu ya matumbawe na kuyaua. Alikuwa na dawa ya kupimia. Unadondosha kwenye maji kidogo, na kadiri buluu inavyokolea ndivyo fosfeti ilivyo nyingi. Kazi yangu ilikuwa kuwapa samaki chakula kiasi cha kubana kwa vidole viwili, mara moja kwa siku, na kuongeza maji ya mvua tu yanapopungua, kamwe si ya kisima. Nilifuata hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa kufuata.

Lakini buluu ilianza kukolea. Mume wangu akabadilisha maji, akanyonya uchafu wa chini kwa mpira wa maji, akaweka punje nyeupe za kunasa fosfeti. Ikarudi. Akaamuru chakula kipunguzwe nusu. Buluu ikazidi hata zaidi, na nyuzi za kijani zikaanza kufunika matumbawe. Hakuelewa, wala mimi.

Siku moja nikitoka jikoni nilimkuta Mwaitu, yaani mama mkwe, ambaye hata wakati huo tuliishi naye, amesimama kwenye kiti. Alikuwa amefikicha muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, hadi ikawa laini kama unga, anainyunyiza ndani ya tangi.

Nikamwambia, "Mwaitu, hiyo inaua mawe ya bwana yangu."

Akanijibu bila haraka, "Mwana wakwa, hawa wanakuangalia kwa macho. Kiumbe ikishiba haiangalii mtu hivyo. Na sasa mmewapunguzia."

Halafu akaniambia jambo ambalo mume wangu mwenyewe halijui vizuri. Kabla ya kumzaa mume wangu alizika watoto wawili wakati wa njaa, na wote waliondoka wakimwangalia. Alishuka kwenye kiti, akaenda kuchambua mbaazi. Niliosha vyombo. Nilitaka kulia lakini machozi hayakutoka.

Niliendelea kumsihi, naye akaendelea kungoja niingie jikoni. Matumbawe yakafa yote, yakabaki kama mifupa iliyoota majani. Mume wangu alisimama mbele ya tangi akauliza, "Ni nani anaweka chakula hapa?" Mwaitu alikuwa pale pale na ungo wake. Hakuinua kichwa. Nikaona mikono yake imeacha kuchambua.

Nikasema, "Ni mimi, Baba Mwende. Nilizidisha."

Hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema tu, "Wewe, kipimo imekushinda." Akavunja tangi, tukaendelea na chai na chapati.

Neno hilo ndilo ndoa yangu. Tangu hapo sijapima kitu katika nyumba hii. Dawa za watoto alipima yeye, mbegu za kupanda anapima yeye, hata mafuta ya taa alikuwa ananimiminia. Zamani niliumia. Siku hizi sisikii chochote, ananiambia ondoka nami naondoka.

Sasa Mwaitu amesahau karibu kila kitu. Mimi ndiye namwogesha na kumlisha. Mwezi huu daktari amempa dawa ya matone, na matone yakizidi ni hatari. Jumapili mume wangu aliishika chupa ile, akanitazama, akasema, "Hii kipimo itakushinda. Jumamosi nampeleka kwa dada yangu Matinyani, aianzie huko." Mwaitu alinikamata gauni hadi mume wangu alipoondoka. Hataki kwenda, na huko hawajui kwamba uji wa moto humtisha. Nikisema ukweli, mume wangu ataniachia mama yake. Lakini atamuuliza, namjua, na yule mzee atakufa akiwa na aibu ambayo nimemfichia miaka yote hii.

Nilidhani hata hayo ya tangi ameyasahau. Jana jioni alikunywa uji nusu, akanirudishia bakuli, akaninong'oneza, "Hii ni ya wale wa kioo. Peleka polepole, bwana yako asione."

Nililichukua bakuli nikasimama nalo jikoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi machozi yalitoka. Jumamosi iko karibu. Niseme, au ninyamaze wamchukue? Wenzangu, mwenye neno aniambie, mimi nitasoma yote.