Niligeuza Jiwe la Safari, Sasa Rafiki Yangu Hataki Kwenda Kumwona Baba Yake

Admin, tafadhali ficha jina langu na usitaje hoteli. Hapa Doha mambo ya kuagua yanaweza kukurudisha kwenu hata hujaaga watu. Majina niliyoandika si ya kweli.

Mimi ni mama wa miaka 25, Mkenya, masomo yangu yaliishia darasa la nane. Nina mtoto mmoja, Taji, ana miaka minne. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa ndiyo anaanza kutembea. Siku hizi nikipiga simu anaita, "Shosho, anti wa simu amepiga!" Anti wa simu ni mimi mama yake.

Nasafisha vyumba katika hoteli moja Lusail na tunaishi wanne chumba kimoja huku mtaa wa Najma. Kuna mgeni alisahau mfuko mdogo wa ngozi chumbani. Kwetu kitu kikisahaulika kinawekwa stoo, na miezi ikipita mwenyewe hajakiulizia, aliyekiokota anapewa. Basi nikapewa. Ndani kulikuwa na vijiwe vimechongwa alama, pamoja na kijitabu. Nikasoma polepole, nikitafsiri kwa simu. Kumbe zile alama zinaitwa runi, herufi za watu wa kale wa huko Norwe, walizitumia kuagua na kujikinga. Jiwe likitoka wima ni heri. Likitoka kichwa chini, maana yake inageuka kuwa mbaya.

Ilianza kama mchezo tu. Nakato, Mganda wetu wa chumbani, alikuwa ananitania, "Daktari wa mawe, hebu uliza kama leo kuna kuku ama ni dengu tena." Tunacheka. Lakini Dada Rehema hakuwa anacheka, yeye aliamini. Ana miaka 34 na ndiye alinipokea nikija. Alinifundisha kutandika shuka hadi likaze. Nikilia kwa ajili ya mtoto alikuwa ananiambia, "Lia umalize, halafu ule."

Sasa likizo zikafika. Mimi na Dada Rehema tuko floo moja, na supavaiza akasema hatuwezi kuondoka wote wawili, mmoja angoje msimu wa wageni uishe. "Kubalianeni wenyewe mniletee jina moja, khalas, yaishe." Mimi nilikuwa nimeshamwambia Taji nakuja. Yeye naye baba yake alikuwa amepooza upande mmoja.

Ijumaa tukitoka ibada akaniambia, "Mama Taji, mimi na wewe hatuwezi kugombana. Niulizie mawe. Yakisema niende, naenda. Yakikataa, nenda wewe ukamwone mtoto."

Utaratibu wangu ni huu: unafumba macho, unatoa jiwe moja, unaniwekea kiganjani, unafumbua nikikwambia. Akatoa. Lilikuwa jiwe la safari, na lilikuwa wima kabisa. Nilimwangalia amefumba macho kama mtoto anayengoja zawadi. Nikaligeuza kwa kidole gumba.

"Fumbua, Dada. Ni safari, lakini iko kichwa chini."

Akaliangalia sana, halafu akasema, "Basi Mungu ameniepusha. Nenda wewe."

Nilidhani yataishia hapo. Wiki iliyopita kaka yake akapiga simu, mzee ameacha kula na anamtaja yeye tu. Nakato akamwambia, "Dada, kaombe likizo ya dharura, mzazi ni mzazi!" Rehema akajibu, "Hata wakinipa siendi. Nikipata ajali njiani, baba atazikwa na nani?" Amekuwa mwoga hata wa basi la kazini. Asubuhi ananipa mkono nimchoree kwa kalamu ile alama ya ulinzi ndipo apande. Na mimi namchorea. Nikimaliza, yeye ananishukuru.

Nasafiri Jumapili. Jana amenipa sweta mpya ya baba yake, ameikunja vizuri kwenye mfuko. Kwao na kwetu si mbali. Akasema, "Umvalishe wewe mwenyewe, Mama Taji. Mshike ule mkono uliopooza, umwambie Rehema anakuja." Nilienda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie nikilia.

Nimeuliza, na supavaiza anasema kabla ya Jumapili bado tunaweza kubadilishana majina. Kwa hiyo njia ipo. Lakini nikisema ukweli nitampoteza mtu pekee aliyenilea huku, na Taji ambaye ameshaambiwa ahesabu siku nitamwambia nini? Nikinyamaza nitamshika mtoto wangu kwa mikono ileile iliyogeuza jiwe. Nimejaribu kuyauliza mawe mara mbili nifanye nini. Mara zote mbili nimejikuta nayageuza mwenyewe hadi yaseme ninachotaka. Ndipo nikajua si mawe yanayosema hapa, ni mimi.

Sweta iko juu ya begi langu, Dada Rehema yuko kazini, anarudi saa kumi jioni. Bado natumaini anaweza kunisamehe, ana moyo mkubwa. Nyinyi mlio wamama, nyinyi mliowahi kukosea mtu aliyewapenda, nitukaneni mkitaka lakini mnielekeze. Akiingia mlangoni, naanza na neno gani?