Beki ya Pembe na Beki ya Mti

Bado nina hasira, na sababu yake ni kipande cha pembe ya ng'ombe kinachong'aa.

Dada yangu alikuwa anaolewa Kalembe. Aliniomba kitu kimoja tu: aingie kanisani nikimpulizia saksofoni. Mimi niliacha shule mapema, nimezunguka kutoka Shasha mpaka ndani ya Walikale, na ndugu zangu hawajui kamwe nimelala wapi. Sikuwa na zawadi nyingine. Nikaja na saksofoni kwa pikipiki, na njiani mfuko ukaangukia jiwe. Saksofoni ilipona. Beki yake, yaani ule mdomo unaofungiwa kijiti cha tete ili sauti itoke, ilipasuka vipande.

Huku kwetu beki haiuzwi dukani. Nikawapelekea wachongaji wawili vile vipande wavipime na kila mmoja anichongee beki mpya, kwanza mmoja wa Masisi anayetengeneza vichana na vishikio vya fimbo kwa pembe, kisha mwingine upande wa Walikale anayechonga ngoma.

Ya pembe ilipendeza: rangi ya asali, mistari myeusi, imesuguliwa mpaka unajiona. Nikaigeuza nitazame ndani, na hasira ikaanzia hapo. Kuna kingo mbili nyembamba ambazo kijiti hulalia. Hazikulingana, ule wa kulia ulikuwa umeliwa sana na tupa. Nikafunga kijiti, nikaziba nyuma kwa kiganja, nikanyonya hewa. Beki nzuri hushika hewa kidogo, halafu kijiti huachia: tak! Hii ilivuja tu, fyuuu. Kazi yote ilikuwa nje, ya kuonwa na watu.

Ya mti ilikuwa mbaya. Nene, yenye mikwaruzo, inajaza kinywa kama kiazi. Lakini ndani ilikuwa laini kama ganda la yai, na kingo zake zilikuwa sawa kabisa. Niliulaza uso wake bapa juu ya kioo cha dirisha, mwanga haukupita. Nikanyonya. Tak!

Nyumbani, baba mdogo akaokota ile ya pembe.

"Hii njo ya harusi. Ona vile inang'aa! Ile ingine iko kama mwiko ya ugali."

"Baba mudogo, watu watasikiliza na masikio, hapana na macho."

"Weye uliacha masomo, leo uko profesa ya mapembe?"

Nyumba nzima ikacheka. Shangazi peke yake hakucheka. Alisema nipulize ninachokijua, na kumbe huruma yake ndiyo iliyoniumiza. Bila kuniambia, aliichukua ile ya mti, akaiosha, akaipaka siagi, akaining'iniza juu ya moshi wa jiko, kama tunavyofanya kwa kila chombo kipya cha mti kabla hakijatiwa maziwa. Asubuhi ya harusi akaniletea kwa mikono miwili, ikinukia.

"Nimekutengenezea muzuri, mutoto yangu. Kitu ya muti haiingie mu kinywa bila kufukizwa."

Chombo cha maziwa ni kinene. Ncha ya beki ni nyembamba kama ukucha. Joto la jiko lilikuwa limeipasua, ufa umeila upande mmoja wote. Shangazi alikuwa anatabasamu. Nikamshukuru, nikatoka, nikapiga ndoo teke mpaka kuku wakatawanyika.

Dada akachungulia, nywele zimesukwa nusu.

"Kaka, itaimba ao haitaimba?"

"Itaimba."

"Usinidanganye leo."

Nikakaa nyuma ya jiko na wembe na msasa. Upande mmoja wa ile ya mti ulikuwa bado mzima, nikaufanya kipimo. Ukingo wa kulia wa pembe nisingeweza kuuinua, kwa hiyo nikaushusha wa kushoto, kidogokidogo. Fyuuu. Nikasugua. Fyuuu. Watu walikuwa wameshaanza kuelekea kanisani nikiwa bado natukana mavumbi ya pembe. Mwishowe, tak, hafifu, kama mtu anayekubali kwa shingo upande.

Kanisani sauti za chini zilikataa, zililia kama mbuzi. Nikaziacha, nikabaki na za katikati. Dada aliingia polepole juu ya hizo chache, akilia, akicheka, na hakuna aliyemharakisha.

Nje, baba mdogo akaichomoa beki, akaiinua juu.

"Nilisema! Pembe ya kwetu!"

Wakampigia makofi! Nikajaribu kueleza kuhusu kingo, kuhusu ule mti uliopasuka, uliokuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyesikia, chakula kilikuwa kinapakuliwa.

Nilimwachia pembe yake aining'inize ukutani anapotaka. Kesho yake nikapanda pikipiki kurudi Walikale na ule mti uliopasuka, nichongewe mwingine kama huo. Ukiwa tayari, utalala mfukoni mwangu, na shangazi, nampenda sana, asiuone.