Pale Njia ya Pikipiki Ilipoishia

Talato Nikiéma aliuza vitenge kando ya barabara iendayo mji wa Kaya, pale Wagadugu, tangu mwaka aliofiwa na mumewe. Kibanda chake kilitazamana na mahali ambapo njia ya pikipiki na baiskeli ilikatika. Kutoka katikati ya mji, njia hiyo ilitengwa na barabara ya magari kwa ukingo wa zege, na watu walipita humo kwa raha zao: mama na mtoto mgongoni, wanafunzi wawili juu ya baiskeli moja, muuza kuku na kuku wake wananing'inia kichwa chini. Ikifika mbele ya kibanda cha Talato, ukingo uliisha kama uzi uliokatwa kwa meno, na wote hao wakamwagika kati ya malori ya mchanga.

Ajali ikitokea, watu walikimbilia kwake. Hawakuomba ruhusa. Walivuta kitenge cha juu kabisa wakaenda kumfunika aliyelala. Talato hakudai kitu, maana nani anamdai maiti nguo? Ila kitenge kikishafunika mtu, hakuuza tena cha ua lile. Wateja wakiulizia, aliwaambia kimekwisha.

Asubuhi moja ya upepo wa vumbi alikuja Sidnoma, msusi kijana, na skuta yake ya buluu. Alikuwa na haraka, na kidogo alikuwa na hasira pia, kwa sababu kitenge alichokitaka hakikuwepo. Mwishowe akachukua chenye picha za ndege kanga, akasema rangi imepauka lakini basi. Talato akamfungia katika gazeti. Msichana akaiinua stendi kwa kisigino, akaondoka bila kuaga. Talato alikuwa hajamaliza kukunja vitenge alivyomtandazia aliposikia honi ya lori, honi ndefu isiyokatika.

Mtu akaja mbio, akakwapua kitenge kilichokuwa juu. Nacho kilikuwa cha kanga, pacha wa kile alichouza.

Siku zote Talato alibaki kibandani. Siku hiyo alifuata. Akamkuta Sidnoma chini ya kitenge, na kwapani amebana kifurushi chake, gazeti limechanika, kanga wanachungulia. Wale wa juu na wale wa chini walikuwa walewale.

Tangu hapo akaanza kusikia. Kila asubuhi, akiwa ameipa barabara mgongo anatundika bidhaa, skuta ilikuja taratibu, injini ikazimwa, stendi ikagonga chini nyuma yake. Akisema, "Karibu, mwanangu," na kugeuka, aliona vumbi tu. Wifi yake Zenabo alimwambia atoe sadaka ya maziwa na kokwa za kola. Akatoa. Stendi ikaendelea kugonga.

Hatimaye alienda kuhani kwa baba wa marehemu. Mzee Kouliga alikuwa mchimba visima zamani, kifua kikamstaafisha kabla ya wakati. Hakuuliza lori lilikuwa la nani wala dereva yuko wapi. Aliuliza ni mahali gani hasa. Kesho yake akaja, Talato akamwonyesha, naye akakaa kwenye benchi la kibanda kutwa nzima, anatazama ukingo unapoishia. Siku iliyofuata akaja tena. Walikunywa uji baridi wa mtama wenye tangawizi.

Siku moja mzee alifika na mtaimbo na mkokoteni wa punda uliojaa matofali. Akaanza kuchimba pale ukingo ulipokatika. Akichimba kidogo, alisimama kukohoa. Talato akamtazama, kisha akalifunga gauni lake kiunoni, akaanza kumpelekea matofali. Wapita njia waliwaona wamerukwa na akili. Madereva waliwatukana. Malori yalikuja yakayasaga matofali, na wao wakapanda mengine, kama mtu anayepanda mtama huku kuku wanafukua nyuma yake.

Ndipo akaja msimamizi wa mafundi wa barabara pamoja na watu wake na sururu, akauliza ni nani aliyejaza takataka njiani.

"Ni mimi," akasema Talato. "Talato Nikiéma."

Msimamizi alikuwa Msamo, jina lake Toé, na Wasamo na Wamossi ni watani tangu mababu. Aliposikia jina hilo uso ukamchanua.

"Nikiéma! Kumbe ni mtumwa wangu. Nilijua tu. Mmossi akikosa farasi hupanda matofali."

Watu wakasogea, maana utani wa namna hiyo hauachwi bila jibu. Talato akajibu, ingawa sauti yake ilikuwa chini.

"Na wewe mla vichwa vya mbwa, umekuja kunusa kama kuna mbwa aliyegongwa?"

Mafundi wakacheka. Toé mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Talato akangoja wamalize.

"Hajagongwa mbwa hapa," akasema. "Amegongwa binti wa huyu mzee."

Kicheko kikafa. Mzee Kouliga alikuwa amepiga magoti, mkono juu ya tofali, hata hakuinua kichwa.

"Msibani anayefanya kazi ni mtani," Talato akaendelea. "Mimi nina msiba, Toé. Nimefunika watu mpaka nimekosa ua la kuuza. Fanya kazi yako."

Toé akasema ukingo si wake, yeye hutumwa tu. Hata hivyo sururu hazikushuka. Aliwaambia watu wake wapande gari, na matofali wakayaacha. Baadaye alirudi na wapimaji, na kabla ya mvua kuanza, ukingo wa zege ulifika mpaka njia panda, na tuta likawekwa pale wanapovuka waendao kwa miguu.

Mlio wa stendi haukukoma. Talato aliacha kugeuka, lakini kukaribisha hakuacha.

Katikati ya masika, lori la mchanga liliteleza, likauparamia ukingo, tairi likapasuka, likalala upande. Ng'ambo ya zege alikuwa akipita mwanamke juu ya skuta, na beseni la maandazi mbele yake. Akayumba, akarekebisha kilemba, akaendelea. Talato alitaka kumwita. Hakujua amwite nani, wala amwambie nini. Akakaa chini kwenye matope.

Jioni alikwenda kumweleza Mzee Kouliga, ambaye siku hizo hakutoka tena mkekani. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mwanamke ana umri gani?"

"Kama wa Sidnoma, baba."

Mzee akageukia ukuta. Mvua ilipiga mabati, na Talato akadhani amelala, akaanza kuvaa viatu. Ndipo sauti ilipotoka kule ukutani, ikimwomba amsimulie tena, polepole, jinsi yule mwanamke alivyoendelea na safari yake.